Kelele Ni Joto: Kompyuta Tulivu kwa Anayerekodi Nyumbani

Januari 1982, katika nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey, Bruce Springsteen aliketi chumbani na gitaa, maikrofoni mbili za Shure SM57 na mashine ya kanda ya TEAC 144, yenye njia nne tu za kurekodia. Alikusudia kutengeneza mifano ya nyimbo, kisha kazi yenyewe ikafanyike studio pamoja na bendi. Studio haikufua dafu. Kanda ile ile ya chumbani ndiyo iliyotoka Septemba mwaka huo kama albamu ya Nebraska. Wapenzi wa kurekodi nyumbani huitaja kila mara, lakini kuna jambo dogo linalowaponyoka: mashine ile ilikuwa na mchuruzo wake wa kanda, ule wa "shsss" usioisha, ila haikuwa na feni. Haikuwa na kitu cha kupoza.

Kompyuta ilipochukua nafasi ya kanda, ilimpa mtu wa chumbani njia za kurekodia asizoweza kuzimaliza, na pamoja nazo ikamletea upepo. Ndiyo hali ya studio nyingi za nyumbani leo, iwe Sinza, Eastleigh au Goma. Blanketi limetundikwa ukutani, dirisha limefungwa, panga boi limezimwa, mwimbaji analowa jasho kwa ajili ya ukimya. Na chini ya meza kuna kisanduku kinakoroma kama mtu aliyeshiba pilau.

Hoja ya mhadhara huu ni moja. Kelele ya kompyuta ni joto lililogeuzwa kuwa upepo. Anayetaka ukimya aanze kwa kuhesabu wati, ndipo afike kwenye feni, na sponji iwe ya mwisho kabisa. Wengi huanza na sponji.

Kwanza, kwa nini kelele ndogo namna ile isumbue? Mazungumzo ya kawaida yana nguvu ya desibeli 60 hivi kwa umbali wa mita moja. Chumba cha kulala usiku uliotulia kina kama 30. Maikrofoni za kisasa za kondensa zina mchuruzo wao wa ndani ulio chini sana ya hapo: Neumann TLM 103 ina desibeli 7. Maana yake, maiki inasikia chumba vizuri kuliko mwenye chumba. Kompyuta ya desibeli 35, ambayo mwenyewe keshaizoea na haisikii tena, kwa maiki hiyo ni mgeni aliyekaa mbele kabisa.

Desibeli nazo hazihesabiki kama shilingi. Vyanzo viwili vyenye kelele sawa vikiwekwa pamoja havifiki maradufu ya desibeli; vinaongeza 3 tu. Ili sikio la kawaida lione sauti imekuwa kubwa mara mbili, zinahitajika kama 10. Asiyejua hesabu hii hutumia pesa nyingi kubadilisha feni moja kati ya nne, kisha anashangaa mbona hakuna kilichobadilika.

Tena, kazi ya kurekodi ina tabia ya kuanika kilichofichika. Mwimbaji akimaliza, sauti yake hupitishwa kwenye kompresa, programu inayobana pale palipo juu ili pale palipo chini papandishwe. Ikibana desibeli 10 na kuzirudisha 10, basi kila pumziko kati ya mistari limepanda kwa 10, na feni imepanda nalo. Halafu huja kupanga sauti juu ya sauti. Msanii wa kaswida au wa bongo fleva anayejiimbia mwenyewe sauti zote za kiitikio hufikisha njia 16 bila taabu. Kelele ya chumba iliyo katika kila njia hujumlishwa, na jumla yake huzidi ile ya njia moja kwa desibeli 12. Feni ambayo haikusikika katika njia ya kwanza, sasa ni mwanakwaya wa kumi na saba.

Anayeimba kwa kifua kipana anaweza kuifunika. Anayenong'ona hawezi. Mwaka 2019 Billie Eilish alitoa albamu yake ya kwanza, ambayo sehemu kubwa ilirekodiwa katika chumba cha kulala cha kaka yake Finneas, mtaa wa Highland Park, Los Angeles. Mapema 2020 ikapewa tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka. Uimbaji ule wa karibu na sikio umewavuta vijana wengi, wa pwani ya Afrika Mashariki wakiwamo. Mnong'ono hutaka maiki ifunguliwe sana, na maiki ikifunguliwa sana haichagui cha kupokea.

Kuna programu za kufuta mvumo. Audacity, ya bure tangu mwaka 2000, hupewa kipande cha kelele tupu ikajifunza cha kuondoa. Hufanya kazi, kwa kiasi. Ikizidishwa, mwimbaji hutoka kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa la maji.

Vita vya feni si vipya, na kampuni iliyovipigana hadharani kuliko zote ni Apple. Mwaka 1980 ilitoa Apple III, kompyuta ya ofisini isiyo na feni; simulizi zinasema Steve Jobs hakutaka kusikia feni, na kasha la alumini ndilo lililotarajiwa kutoa joto nje. Mashine zikawa zinapata joto na chipu zinalegea kwenye soketi zake. Ushauri wa mafundi uliobaki kuwa kichekesho hadi leo ni kwamba mteja aiinue mashine inchi chache kutoka mezani, kisha aiachie, ili chipu zirudi mahali pake. Apple III iliondolewa sokoni 1984.

Mwaka 2002 mambo yakageuka upande wa pili. Power Mac G4 ya mwaka huo, yenye prosesa mbili, ilivuma kiasi kwamba watumiaji, na miongoni mwao watu wengi wa muziki, waliibandika jina la handaki la upepo. Mwaka uliofuata kampuni ikaweka mpango wa kubadilisha pawa saplai na feni. Kisha Juni 2003 ikatangazwa Power Mac G5, na hapo ndipo penye somo: mashine ile iliyosifiwa kwa utulivu ilikuwa na feni tisa. Nani angedhani kwamba dawa ya kelele ya feni ni kuongeza feni?

Jibu limo katika tabia ya feni yenyewe. Feni ikipunguzwa mwendo kwa nusu, hewa inayosukuma hupungua kwa nusu, lakini kelele yake hushuka kwa desibeli 15 hivi, ambazo sikioni ni kama kubaki na theluthi ya sauti ya awali. Sasa zichukuliwe feni mbili za nusu mwendo. Hewa ni ile ile ya feni moja ya mwendo kamili. Kelele, ukiongeza zile desibeli 3 za kuwa mbili, bado iko chini kwa 12. Ndiyo sababu mjenzi anayejua kazi hatafuti feni moja yenye nguvu. Hutafuta nyingi kidogo, pana, zinazozunguka kwa uvivu. Feni za milimita 120 au 140 zikienda mizunguko 600 hadi 800 kwa dakika karibu hazisikiki kwa umbali wa mita moja, ilhali kifeni cha milimita 40 kwa kazi hiyo hiyo hulia kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa.

Hewa inayotakiwa si ya kutisha. Kompyuta inayotoa joto la wati 100, ikiwa hewa inayopita ndani itaruhusiwa kupanda nyuzi 10, inahitaji lita 8 na ushei za hewa kwa sekunde. Ni chini ya ndoo ndogo ya lita 10. Kwa wati 300 inakuwa ndoo mbili na nusu, na hapo uvivu wa feni unaisha. Ndiyo maana hesabu huanzia kwenye wati.

Kurekodi hakuhitaji wati nyingi. Hapa ndipo vijana wengi hupotoshwa na matangazo ya kompyuta za michezo. Mtu anayerekodi sauti na gitaa anahitaji prosesa ya kawaida, RAM ya gigabaiti 16, na kadi ya sauti ya nje ya USB. Kadi ya michoro haina kazi yoyote hapo zaidi ya kula umeme na kupuliza. Prosesa yenye uwezo wa picha ndani yake, kama Ryzen 5 5600G ya wati 65, huiondolea kompyuta feni mbili au tatu kwa mkupuo. Lakini namba ya kwenye boksi isiaminiwe kama Msahafu. Intel Core i5-12400 huandikwa wati 65, na ikiachiwa iende mbio inaruhusiwa kufika 117. Kikomo hicho hushushwa kwenye BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya bodi mama, na mwimbaji hataona tofauti.

Atakachokiona ni ucheleweshaji, yaani ule muda kati ya kuimba na kujisikia kwenye hedifoni. Kompyuta hukusanya sauti kwenye bafa kabla ya kuishughulikia. Bafa ya sampuli 128, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, ni milisekunde 2.7, muda ambao sauti husafiri kama sentimita 92 hewani. Mwimbaji anajisikia kana kwamba spika iko mkono mmoja kutoka alipo, jambo lisilomsumbua mtu. Sampuli 512 ni karibu mita 3.7, na mpiga ngoma ataanza kulalamika. Prosesa ya wati 65 huimudu bafa ndogo wakati wa kurekodi, kwa kuwa wakati huo programu za kupamba sauti hazijawekwa. Zikija kuwekwa wakati wa kuchanganya, kompyuta ina ruhusa ya kukoroma itakavyo: maiki imeshazimwa.

Pawa saplai husahauliwa, nayo ni tanuri. Ile yenye ufanisi wa asilimia 80, ikilisha mashine wati 100, huvuta wati 125 ukutani na kugeuza 25 kuwa joto ndani ya kasha. Ya asilimia 90 hupoteza 11 tu. Alama za 80 Plus, zilizoanza 2004, zipo kwa ajili ya kumsaidia mnunuzi hapo, na nyingi za daraja la dhahabu huiacha feni yake imelala kabisa mzigo ukiwa mdogo. Pawa saplai ya bei ya kutupwa isiyo na alama yoyote ni mahali pabaya pa kubana matumizi, hasa umeme wa mtaani unapopanda na kushuka.

Diski ya kuzunguka iondoke. Inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hufanya mizunguko 120 kwa sekunde, na mvumo wake unaangukia hapo hapo, hezi 120. Feni ya mabawa 9 inayozunguka mara 1,200 kwa dakika hutoa mlio wa hezi 180. Sauti ya mwanamume anapozungumza huanzia kati ya hezi 85 na 180. Kwa hiyo ile swichi ya maiki ya kukata besi chini ya hezi 80 haizigusi kelele hizi. Zimekaa sebuleni mwa sauti ya binadamu. SSD haina kinachozunguka. Mwenye diski ya zamani iliyojaa kazi, na hataki kuachana nayo, anaweza kuitundika ndani ya kasha kwa lastiki, ile ile ya kiunoni mwa bukta, isiguse bati popote. Inachekesha kutazama, lakini sehemu kubwa ya mvumo wa diski hupitia kwenye bati, na lastiki huukata.

Na sponji? Makasha mengi yanayouzwa kama ya kimya yamebandikwa sponji ya milimita chache na kufungwa mbele. Sponji nyembamba hunyonya milio myembamba, lakini wimbi la hezi 120 lina urefu wa karibu mita 2 na sentimita 90. Sponji ya unene wa chapati hailisumbui. Wakati huo huo mlango uliofungwa mbele huzuia hewa, feni zinaongeza mbio, na faida inaliwa. Kasha la wavu mbele, lenye feni tatu pana za mwendo wa pole, kwa nchi za joto ni chaguo bora. Huo ndio msimamo wa mhadhara huu, ingawa wenye makasha ya sponji huko Ulaya wana sababu zao: vyumba vyao ni vya nyuzi 20.

Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari chumba huwa na nyuzi 32, na kikifungwa dirisha ili pikipiki zisiingie kwenye wimbo hupanda zaidi. Kila nyuzi ya chumba huhesabiwa ndani ya kompyuta pia. Prosesa iliyopimwa ikiwa na nyuzi 60 kwenye chumba cha 20 itakuwa na 72 kwenye chumba cha 32, kwa mwendo ule ule wa feni. Ongeza vumbi. Kichujio kilichozibwa na vumbi la miezi minne huifanya kompyuta tulivu kuwa handaki la upepo bila kosa la mtengenezaji. Brashi laini ya rangi inatosha, mabawa yakishikiliwa kwa kidole yasizunguke.

Hali hiyo ya hewa ndiyo inayotia shaka kompyuta zisizo na feni kabisa. Kipo kifaa kama Noctua NH-P1 cha 2021, pande la alumini lenye zaidi ya kilo moja linalopoza prosesa bila kupuliza. Hufanya kazi kwenye kasha wazi na prosesa ya wastani. Lakini mwenye kuondoa feni zote hugundua kelele asiyoijua: koili za bodi mama na za pawa saplai hulia kwa mlio mwembamba kama wa mbu, nao ulikuwa umefunikwa na upepo. Feni moja pana ya mizunguko 500 hugharimu kidogo, na mtu hulala nayo chumba kimoja.

Mtu wa mfuko mwepesi asikate tamaa. Kompyuta za ofisini zilizotumika, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, zimejaa Kariakoo na barabara ya Luthuli, na zilibuniwa kukaa karibu na watu wanaopiga simu. Nyingi zina feni zisizozidi tatu. Akibadilisha diski kwa SSD, akafuta pesti kavu ya kupitisha joto juu ya prosesa na kuweka mpya ya ukubwa wa punje ya choroko, kazi imeshafika mbali. Tahadhari ni mbili. Soketi za feni na pawa saplai za mashine hizi mara nyingi ni za kampuni yenyewe, hazipokei za sokoni. Na zile ndogo kama kitabu zina kifeni kidogo, chenye mlio mwembamba pale kinapochapwa kazi. Ziwe zile zenye prosesa za wati 35.

Mwenye kujenga upya aingie BIOS siku hiyo hiyo. Sikio huzoea mvumo ulionyooka. Lisichozoea ni feni inayopanda na kushuka kila prosesa inapokohoa. Bodi mama nyingi huruhusu mtu aamue feni ianze kuongeza mbio kwenye nyuzi ngapi na ichelewe sekunde ngapi. Ikae mwendo mmoja wa chini mpaka nyuzi 65, isijibu kila kishindo.

Halafu mahali pa kuiweka. Maiki ikiwa sentimita 15 kutoka mdomoni na kompyuta mita moja na nusu kutoka kwenye maiki, umbali peke yake unampa mwimbaji nafuu ya hadi desibeli 20, pungufu kidogo kwa sababu kuta hurudisha sauti. Maiki ya kadioidi haisikii vizuri mgongoni mwake, basi mgongo huo uelekezwe kwenye kompyuta. Kasha likae chini, juu ya mkeka uliokunjwa, si juu ya meza inayobeba stendi ya maiki. Kabati lililofungwa lisitumike, litapika. Studio kubwa huweka mashine chumba kingine, na nyumbani pia inawezekana: waya wa USB 2.0 unaruhusiwa mita 5, wa maiki wa XLR unaenda makumi ya mita bila kulalamika, na korido haina wa kuiimbia.

Fundi hutafuta kelele kwa vifaa viwili, karatasi na kidole. Karatasi husokotwa kuwa bomba. Upande mmoja sikioni, mwingine unapitishwa mbele ya kila feni, diski na pawa saplai, na mkosaji hujitaja. Kisha kidole huwekwa taratibu katikati ya feni, kwenye kitovu na si kwenye bawa, ikasimama sekunde mbili tatu. Kelele isipopungua, si hiyo. Pia kuna mvumo wa hezi 50 au 100 unaosikika kwenye hedifoni tu na si chumbani. Huo ni umeme, mara nyingi soketi isiyo na waya wa ardhi, na hakuna feni ya bei yoyote itakayouondoa.

Kwa hiyo aliyekwisha kutenga pesa za kununua vifaa aziweke kwanza. Usiku wa leo arekodi dakika moja ya chumba kitupu kwa simu au kinasa kidogo, mahali hasa anaposimama kuimba, kompyuta ikiwa imezimwa. Aiwashe, aiache robo saa ipate joto, arekodi dakika nyingine. Asikilize zote mbili kwa sauti ile ile. Akikuta hazina tofauti, pesa hizo akanunulie pazia zito la dirishani, maana mwenye kelele ni mtaa.